Mahindi Yenye Masizi

Nitasema ukweli, maana wanaoujua wamebaki wachache na kila mmoja ana sababu ya kuupamba. Ndugu yangu Gamaliel alipofukuzwa kazi kwenye reli akaja kwangu na mke wake, sikufurahi. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, nikahesabu vinywa.

Ulikuwa mwaka wa 1932, mwezi wa saba. Kijiji chetu kiko mwendo wa asubuhi moja kutoka gare ya Kamina, stesheni ya treni, na Gamaliel alikuwa amekaa pale gare miaka minne, karani wa mizigo, mwenye viatu na kofia. Akija Krismasi alikuwa akitukumbusha sisi Wakatoliki wa jembe kwamba Wamethodisti wanajisomea Biblia wenyewe. Kisha shaba ikakosa wanunuzi huko ng'ambo, treni zikapungua, na makarani wakaambiwa warudi kwao. Yeye akarudi kwangu. Mke wake Noémie, binti wa mchungaji, alikuja nyuma yake amebeba kichwani sanduku la bati la kijani lenye kufuli.

"Yaya," Gamaliel akaniambia, maana mimi ndiye dada yake mkubwa, "kule ku gare hakuna kintu tena. Banafunga."

"Na huku unafikiri kuko nini?"

Huku kulikuwa na pamba. Kwa miaka miwili serikali ilikuwa imelazimisha kila nyumba ilime pamba, na Isaïe, moniteri wa kilimo, msimamizi wa serikali, alipita na kamba yake akipima mpaka mashamba yote mazuri karibu na kijiji yakawa ya pamba. Mahindi tuliyabana pembeni. Mwaka ule mnunuzi alikuja siku moja tu, akachukua sehemu ndogo kwa bei isiyotosha hata kodi, akasema iliyobaki ingoje. Ilingoja. Panya wakazaa ndani yake, na pamba huwezi kuipika.

Tulimwendea sultani Kyungu, chifu wetu, ambaye serikali ilimvisha medali. Akaenda Kamina kutusemea. Alikaa siku tatu kwenye baraza ya ofisi bila kuitwa ndani, akarudi na amri ileile: mwaka huu pamba tena. Medali yake ilikuwa bado inang'aa, mwenyewe alikuwa amekonda.

Basi watu wakakutana bila yeye. Wakakubaliana kwamba pamba tutapanda ya kuonekana tu, na mahindi tutayapanda kwenye bonde ng'ambo ya kijito, ambako kamba ya Isaïe haijafika. Tutalima kwa pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Maneno yalikuwa mazuri, ila mbegu hazikuwepo. Tulikuwa nyumba kumi na nane, na karibu zote zilikuwa zimekula mbegu zao. Mbegu zilikuwa kwangu.

Kwetu mbegu ya mahindi inakaa juu ya moto wa jikoni. Unachagua mahindi makubwa, unageuza maganda yake, unayafunga mawili mawili kwa kamba ya gome na kuyatundika darini, na moshi wa kila siku unayapaka masizi mpaka yawe meusi. Mdudu hapendi masizi. Hakuna anayefundishwa jambo hilo, unakua ukiliona. Kamba zangu mimi nazifunga mafundo matatu, kama mama yangu, na kijiji kizima kinayajua mafundo yangu. Mwaka ule nilikuwa na mahindi sitini. Walikuwa wananiita mkono wa birika, nami nilikuwa nawajibu kwamba akiba haiozi.

Desturi ni hii: asubuhi ya mvua ya kwanza, mwenye mbegu hamnyimi asiye nayo. Kabla ya hapo ni zake mwenyewe. Mwaka uliotangulia jirani yangu Marthe alikuja asubuhi hiyo na mtoto mkononi. Mume wake alikuwa gerezani Kamina kwa kosa la kuacha majani yaote kwenye pamba. Nilimpa mahindi mawili membamba, yasiyo na punje nchani. Akanyoosha mkono mmoja kuyapokea. Nikayarudisha nyuma.

"Mbegu inapokewa na mikono mbili," nilimwambia mbele ya watu wote.

Marthe akamweka mtoto chini kwenye matope. Mtoto akalia. Marthe akapokea kwa mikono miwili, akaondoka. Nami nilijiona nimemfundisha adabu.

Sasa, wiki ile Gamaliel alipofika, Marthe alikuja tena, mvua ikiwa bado mbali.

"Mama Umba, unipe mahindi nne tu. Nitatundika ku moto yangu mwenyewe."

"Mvua haiko. Juu ya nini hautaki kungoja kama bengine?"

"Weye unajua juu ya nini."

Nilijua, niliyakumbuka matope ya mwaka uliopita, na ndiyo maana nilikasirika. "Nikikupa leo, kesho utakula."

"Sitakula."

"Njala haina kiapo," nikamwambia, nikarudi ndani.

Siku ya nne baada ya hapo nilitoka kisimani nikatazama darini. Mahindi kumi na mawili hayapo. Nilipita kijiji kizima nikipiga sufuria kwa mwiko na kulaani: yule aliyekula mbegu yangu, tumbo imuvimbe mpaka ipasuke. Kila mtu alijua ninamlaani nani. Marthe alikuwa mlangoni kwake anachambua mboga, na hakuinua kichwa.

Nilipochoka kumlaani Marthe nilimgeukia Noémie, kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki nyumbani. Nilimkuta uani na pasi ya makaa, ananyoosha shati la mume wake.

"Weye unapiga pasi shati ya muntu haiko na kazi ya kwenda," nikamwambia, "na mwizi anaingia mu jiko nyuma yako."

"Sikumuona, Yaya."

"Unaona nini, weye?"

Alikuwa na tabia ya kunyamaza akiinamisha shingo, na shingo ile ilinitia hasira kuliko majibu. Sikumpenda. Alikuwa akichemsha maji kabla ya kuyanywa. Alikuwa akipiga magoti kusali asubuhi na jioni kana kwamba Mungu ni kiziwi. Jikoni kwangu macho yake yalitoa machozi kwa moshi, akaomba apike nje.

Mwezi wa nane habari ilikuja kutoka Bukama: binti yangu Ève, aliyeolewa kule na mchuuzi wa samaki, alikuwa karibu kujifungua na miguu ilikuwa imemvimba. Ilinibidi niende. Gamaliel alikwenda gare kwa rafiki yake mmoja aliyebakizwa kazini, akanipatia nafasi kwenye behewa la mizigo. Asubuhi ya safari nilimwita Noémie nikamwonyesha darini. Mahindi arobaini na manane.

"Hii njo maisha ya mugini muzima. Basiibe hata moja. Ikiibiwa moja, weye na bwana yako mutatoka hapa."

"Ndiyo, Yaya."

"Nimesema hata moja."

Nilimwambia mara tatu. Juu ya moto sikumwambia neno. Nani anamwambia mwanamke mzima kwamba mbegu inataka moshi?

Kule Bukama Ève alijifungua salama, akaugua baadaye, nikakaa. Nilirudi mwezi wa kumi, mawingu yakiwa yameanza kujazana upande wa Kabongo, nikiwa nimebeba fungu la samaki wakavu begani. Nilijua kabla sijaingia. Jikoni kwangu hapakuwa na harufu ya moshi. Mafiga yalikuwa yamefagiliwa, meupe, na darini palikuwa patupu.

"Mbegu iko wapi?"

Noémie akatabasamu. Tangu aje kwangu sikuwa nimeona meno yake. Akatoa shingoni kamba yenye ufunguo.

"Iko salama, Yaya. Mwizi hawezi kufika." Akanipeleka chumbani kwao, akapiga magoti mbele ya sanduku la bati. "Na nilisafisha. Ilikuwa buchafu sana, masizi mutupu. Nilipukucha yote, nikaosha na sabuni, nikaanika siku moja, nikaweka."

Alipofungua kifuniko joto lilitoka mle ndani kama kwenye sufuria. Juu palikuwa na unga wa kijivu unaotembea, maana fukusi walikuwa wengi hata unga wenyewe ulionekana hai. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Chini punje zilikuwa zimeshikana kwa ukungu, na harufu yake ilikuwa ya pombe iliyoharibika. Akiba haiozi, nilikuwa nasema.

Nilimpiga. Nilimpiga kwa fungu la samaki, maana ndilo lililokuwa mkononi, na samaki wakakatika wakatawanyika chumba kizima. Gamaliel akaja mbio kutoka uani akajiweka katikati, akapata mapigo yake.

"Ulisema basiibe, Yaya," Noémie akasema, mikono juu ya kichwa. "Nililala na ufunguo. Kila siku nililala na ufunguo."

Hapo ndipo hasira ilipozidi, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilimwambia habari ya wezi mara tatu. Nilikuwa nimewaza wezi tu tangu siku niliyomfanya mwenzangu amweke mtoto wake kwenye matope.

Gamaliel alichagua punje zilizoonekana nzima, akazifunga kwenye kitambaa chenye maji aone kama zitaota. Siku ya tatu akakifungua. Hakuna hata moja iliyotoa jino. Hatukumwambia mtu yeyote. Nilikuwa na muda wa kutosha kufikiri nitawaambia nini wenzangu, na nilichofikiri ni kwamba sitasema mimi.

Asubuhi ya nne mvua ilinyesha, mvua nzito ya kulainisha bulongo, udongo uliokauka, kisha ikaacha. Jua lilikuwa halijachomoza vizuri wakati watu walipoingia uani kwangu na vikapu. Walikuja wote. Wengine walikuwa wamekonda mpaka nguo zinawazunguka. Hata mwaka ule, hata kwangu mimi na sifa zangu, walikuja bila wasiwasi, kwa sababu asubuhi ile hakuna anayenyimwa. Marthe alikuwa nyuma kabisa, na niliona kwamba yeye hakubeba kikapu.

Kitwa, fundi wa nyungo, ndiye aliyeanza kwa heshima: "Mama Umba, mvua imekuja."

Nilikuwa na fagio mkononi. Nikamnyooshea Noémie fagio lile. "Muulizeni huyu," nikasema. "Mbegu yenu yote ameosha na sabuni, akafungia mu malle yake ya bati, ikaoza."

Sitajitetea. Nilijua nafanya nini. Kwanza walidhani ni mzaha, na wawili watatu wakacheka. Kisha Kitwa akaingia ndani, akatoka na sanduku, akalipindua uani. Ukungu na fukusi vilimwagika kwenye matope mbele ya vikapu vyao.

Wanawake ndio walioanza kupiga kelele. Watu wa gare, walisema. Walituletea reli, na reli ikawachukua waume zetu, na sasa wanatumaliza. Mmoja alimvua Noémie kitambaa cha kichwa akakitupa. Wanaume wawili walimshika Gamaliel mikono, naye hakupigana, alikuwa anatazama miguu yake isiyo na viatu. Noémie alikuwa amepiga magoti kwenye matope anaokota punje, moja moja, anazifuta kwa vidole na kuziweka kwenye sketi yake. Zilikuwa zimekufa zote na alijua.

Sultani Kyungu akafika, amevaa koti la serikali, medali kifuani na kofia kubwa kichwani. Aliposikia habari akainua mkono.

"Hawa babili batarudia ku Kamina leo hii. Njo amri yangu."

"Sultani," Gamaliel akasema, bado ameshikwa, "ku Kamina banatufukuza na amri. Huku pia na amri. Tutaishi wapi, mu treni?"

"Hiyo haiko kazi yangu," Kyungu akasema.

Wakaanza kumsukuma Gamaliel kuelekea njia. Nami nilisimama pale na fagio langu. Ndugu yangu, tumbo moja, nilimwona anapita mbele yangu na sikusema neno. Niliogopa kwamba wakimalizana nao watanigeukia mimi.

"Mubaache," mtu akasema.

Alikuwa Marthe. Alikuwa amekwenda kwake na kurudi, na sikumwona akiondoka. Mikononi alikuwa amekumbatia mzigo mweusi, na masizi yalikuwa yamempaka kifua na kidevu. Alipokaribia niliona kamba za gome. Mafundo matatu. Mahindi yangu kumi na mawili, meusi, makavu, hakuna hata moja lililopungua punje.

"Mwizi njo miye," Marthe akasema. Hakusema kwa sauti kubwa, lakini kila mtu alisikia. "Batoto bangu balilala njala chini yake. Kila siku bananiuliza, mama, hii mahindi ni ya nani? Ninabaambia, ni ya mvua."

Nilitazama watoto wake waliomfuata. Yule wa mwaka jana alikuwa anatembea sasa, miguu myembamba, tumbo kubwa la njaa. Kijiji kizima nilikuwa nimekitangazia kwamba mama yao aliyala.

Kyungu akakohoa. "Wizi ni kesi," akasema. "Itaenda mu baraza."

Hakuna aliyegeuka, isipokuwa Kitwa. "Una kikapu, sultani?" akamwuliza.

Kyungu hakuwa nacho. Nyumba yake nayo ilikuwa imekula mbegu, kila mtu alijua, ingawa alikuwa akipitisha siku kwa kusema anangoja jibu la Kamina. Mwisho akavua kofia yake, akaipindua, akasimama kwenye mstari nyuma ya mke wa Kitwa. Tangu siku hiyo, kila Isaïe alipomwuliza habari ya bonde ng'ambo ya kijito, sultani wetu alisema kule kuna nyoka wengi.

Marthe akaketi juu ya sanduku la Noémie lililopinduliwa, akaanza kupukucha na kugawa kwa ngumi. Kila nyumba ngumi moja, watu wanapokea, wanaondoka. Gamaliel alikuwa ameachiwa, hakuna aliyesema ameachiwa. Zamu yao ilipofika, Marthe alimwita Noémie.

"Nyumba ya Gamaliel," akasema. Siyo nyumba ya Umba. Walikuwa nyumba ya kumi na tisa sasa. Noémie akanyoosha mikono yote miwili, ina matope mpaka kwenye viwiko, na Marthe akammiminia. "Ukivuna utaweka mu moshi, unasikia? Usioshe."

Watu wakacheka kidogo. Kilikuwa kicheko kikavu, lakini wakati wa kicheko hicho mwanamke aliyemvua kitambaa alikiokota, akakikung'uta, akakitundika kwenye uzio.

Niliitwa mwisho. Marthe alinyoosha ngumi iliyojaa, ikasimama hewani kati yetu. Hakuniambia habari ya mikono. Alingoja tu, uso wake hauna kitu. Waliokuwepo uani mwaka uliopita walikuwepo na mwaka huu, na wote walikuwa wanatazama.

Nikaweka fagio chini kwenye matope. Nikanyoosha yote miwili.

Alinipa sawasawa na wengine, hakupunguza hata punje. Angepunguza ningepata la kusema.

Tulilima bonde kwa zamu, na mwezi wa tatu tulikula mahindi mabichi tukiwa tumejificha kama wezi wa shamba letu wenyewe. Pamba ya Isaïe ilitoka fupi na yenye ugonjwa, akaandika kwamba udongo wetu umechoka. Tulipochagua mbegu za mwaka uliofuata, watu walisema hazitawekwa tena kwenye nyumba moja. Kila nyumba itatundika nusu ya mbegu yake juu ya moto wa nyumba nyingine. Marthe alinichagua mimi, mbele ya wote, na sikuweza kukataa.

Mimi na Marthe hatupendani mpaka leo. Tukikutana kisimani kila mmoja anatazama ndoo yake. Laana sikuwahi kuiondoa kwa mdomo, wala yeye hakuniomba. Lakini mbegu yake iko juu ya moto wangu, na yangu, yenye mafundo matatu, iko juu ya moto wake, na asubuhi nikitoka nje, kabla sijanawa uso, natazama kama paa lake linatoa moshi.